Gemu la Vyungu

Ndugu msomaji, nimekuja kulitetea gemu ambalo hata waliolipenda wanaona haya kulitaja. Jina lake la kuzaliwa ni Urban Champion. Kampuni ya Nintendo ya Japani ililitoa Novemba 1984 kwa ajili ya mashine yake ya Famicom. Sisi watoto wa Tunduma jina hilo hatukulijua. Tuliliita Vyungu.

Lenyewe liko hivi. Wanaume wawili wanakutana barabarani na kuanza kuzichapa. Sababu haisemwi. Hakuna msichana aliyetekwa, hakuna ngome, hakuna mfalme mbaya. Una ngumi mbili tu: ya haraka isiyouma sana, na nzito inayochelewa kutoka. Zote unaweza kuzipeleka usoni au tumboni, na hivyohivyo unakinga juu au chini. Ukimsukuma mwenzako mpaka nje ya kioo, mnahamia kipande kingine cha barabara. Ukizidi kumsukuma, mwisho anatumbukia kwenye chemba iliyoachwa wazi, na mama mmoja dirishani anakumwagia vipande vya karatasi kukupongeza. Katikati ya ngumi, mkazi wa ghorofani anaangusha chungu cha maua, na ole wake aliye chini. Mara inapita gari ya polisi: mabwana wote wawili wanaachana, kila mmoja anarudi upande wake na kujifanya hajui kitu. Gari ikipita, kazi inaendelea. Basi, ndiyo yote.

Wakosoaji wa Ulaya na Marekani wamelikandia miaka nenda miaka rudi. Wanasema ni fupi, linajirudia, linachosha baada ya dakika tano. Lilipotolewa upya mwaka 2011 kwenye mashine ya Nintendo 3DS, likiwa limeongezewa kina cha picha, wapo waliouliza limeombwa na nani. Wanasema kweli? Nusu yake. Hiyo nusu ya pili ndiyo imenifanya nishike kalamu.

Kwanza tuulize: gemu la 1984 lilifikaje boda ya Tunduma mwishoni mwa miaka ya 1990? Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni mpaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Wazanzibari walikuwa wametutangulia kwa miaka mingi. Milango ya biashara ilikuwa imeshafunguliwa enzi za Mzee Ruksa, Rais Ali Hassan Mwinyi, na seti za televisheni zikaanza kuonekana hadi miji midogo. Nyuma ya televisheni ikaja mashine ya gemu. Si Famicom yenyewe! Ilikuwa nakala, zao la viwanda vya Taiwan na China ambavyo havikumwomba Nintendo ruhusa. Urusi waliuziwa nakala za namna hiyo kwa jina la Dendy, Poland kwa jina la Pegasus. Ya kwetu ilikuwa na jina jipya kila ilipoungua na kununuliwa nyingine. Kaseti yake iliandikwa kuwa ina magemu 9999. Ukikaa chini ukayahesabu kwa uaminifu, yalikuwa machache tu, yakirudiwarudiwa kama wimbo wa harusi.

Kwa nini yawe yaleyale ya zamani? Jibu ni pesa. Ndani ya kaseti kuna chipu, na chipu kubwa ni gharama kubwa. Super Mario Bros. ya 1985, pamoja na ukubwa wake wote vichwani mwetu, inaenea katika kilobaiti 40. Picha moja ya simu ya leo inaizidi mbali. Magemu ya 1983 na 1984 mengi yalikuwa madogo zaidi ya hapo. Mfanyabiashara aliyetaka kujaza kaseti kwa bei poa alichota hayo. Yale ya baadaye yenye hadithi ndefu, ambayo unaweza kuhifadhi safari yako ukaendelea kesho, yalitaka chipu kubwa na mara nyingi betri ndani ya kaseti. Ndiyo maana mtoto wa Tokyo wa umri wangu alikuwa anacheza PlayStation, iliyotoka Desemba 1994, na mimi nilikuwa bado naangushiwa chungu kichwani. Sisi hatukulichagua gemu hili. Tulichaguliwa na bei ya chipu.

Sasa twende kibandani. Kibanda chetu kilikuwa cha mabanzi, si mbali na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Malori hayo ndiyo Tunduma yenyewe. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam inapita hapo, reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 inapita hapo. Shaba inakwenda bandarini, mafuta na mitumba vinakwenda bara. Enzi hizo tulihesabiwa Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe umezaliwa mwaka 2016. Ukisema Mbozi, watu walikuuliza kahawa au kile kimondo cha chuma cha Marengi. Hakuna aliyeuliza habari za gemu.

Mwenye kibanda tulimwita Bro. Sheria yake ilikuwa moja: mshindi anabaki, aliyeshindwa anaachia pedi na kurudi mwisho wa benchi. Hapo ndipo ubora wa kwanza wa Vyungu ulipojitokeza. Kwenye Mario, mchezaji wa pili hachezi mpaka wa kwanza afe. Ukikutana na fundi, utakaa nusu saa ukitazama mgongo wake na sarafu yako imeshaliwa. Vyungu lilikuwa linaisha haraka. Watoto kumi wenye sarafu kumi wote walishika pedi kabla ya adhana ya magharibi. Ule ufupi unaokandiwa na wakosoaji, kwetu ulikuwa haki.

Na jina? Tunduma ya wakati ule ghorofa zilikuwa za kuhesabu, na maua ya dirishani tulikuwa hatujayaona. Tuliamini kabisa kwamba ni vyungu vya kupikia. Tulibishana sana: ni mtu gani mwenye akili timamu anayetupa chungu kizima, tena labda kina maharage ndani? Ila gari ya polisi hatukuhitaji kuelezwa. Wabadilisha fedha wa boda tuliwaona kila siku: doria ikitokea, noti zinazama mifukoni, watu waliokuwa wanagombania kiwango wanageuka ghafla kuwa wapita njia wanaotazama mawingu. Wajapani walituchora bila kutujua.

Basi, kwenye benchi lile kulikuwa na mshikaji mmoja tuliyemwita Kwacha. Alikuwa anavuka kutoka Nakonde na kulipa kwa noti za kwao, zile za zamani, kabla Zambia haijafuta sifuri tatu Januari 2013. Bro alipokea zote, shilingi na kwacha, kama kila mtu Tunduma. Kwacha alisema Kinamwanga na Kibemba, na Kiingereza cha shuleni kwao. Mimi nilikuwa na Kiswahili na Kinyiha cha kuungaunga. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka. Ule mstari waliuchora wakubwa wa kikoloni, Mjerumani huku, Mwingereza kule. Lakini mimi na yeye hatukuwa na lugha moja ya kutosha hata kutukanana vizuri. Tulikuwa na Vyungu.

Alinipiga kila siku. Nilibadilisha pedi, nilibadilisha upande wa benchi, nilikesha nikiwaza. Mpaka siku moja umeme ulisuasua, picha ikafifia, nikageuka kumtazama yeye badala ya kioo. Nikaona kitu. Kabla ya ngumi nzito, Kwacha alikuwa anauma mdomo wake wa chini. Kidogo tu, nukta moja. Akiuma, mimi nakinga, kisha narudisha ya haraka. Jioni ile nilimtumbukiza kwenye chemba mara mbili mfululizo, na kibanda kizima kikapiga kelele.

Hapa ndipo penye hoja yangu, ndugu msomaji. Wakosoaji wengi walicheza gemu hili peke yao, wakipigana na mashine. Mashine haina mdomo wa chini. Ukicheza hivyo ni kweli utachoka, kama mtu anayecheza bao peke yake akibadilisha viti. Ngumi mbili, juu au chini: hesabu yake ni ndogo makusudi, ili akili yako yote ibaki kwa mtu aliye kando yako. Gemu lenyewe halikuwa kwenye kioo. Lilikuwa kwenye benchi.

Lakini sikuishia hapo, na ningependa kuishia hapo. Siri ile niliiuza. Niliwaambia wenzangu wawili kwa maandazi mawili, nao wakawaambia wengine bure. Wiki ile Kwacha alipigwa na kila mtu, hata na mtoto wa darasa la pili ambaye miguu yake haikugusa chini. Alikuwa anaachia pedi, anatoa noti nyingine, anapigwa tena, haelewi. Mimi nilikaa pale nikila andazi. Kisha akaacha kuja.

Alirudi mara moja tu. Ilikuwa Juni, na baridi ya Tunduma ya Juni mnaijua. Alikuwa amevaa sweta la kijivu na ameivuta shingo yake mpaka juu ya pua, macho tu nje. Alikuwa ameshaambiwa, au ameshagundua mwenyewe. Alikaa, akashika pedi, akatupiga wote mmoja baada ya mwingine mpaka benchi likaisha. Ilipofika zamu yangu hakunitazama hata mara moja. Alinitumbukiza kwenye chemba, akaweka pedi chini taratibu, akasema kwa Kiswahili safi kuliko nilivyodhani anakijua, “Zamu yako.” Akaondoka. Nilisikia baadaye kwamba mjomba wake alimchukua kwenda Kitwe.

Kuna gemu lingine bovu lenye hadithi maarufu: E.T. la Atari la mwaka 1982, ambalo Howard Scott Warshaw alilitengeneza kwa takriban wiki tano tu. Mwaka uliofuata shehena ya kaseti za Atari ilizikwa dampo huko Alamogordo, New Mexico, na mwaka 2014 wakazifukua mbele ya kamera. Ubovu wa E.T. umegeuka kuwa utajiri. Vyungu halikupata hata hadhi ya kuzikwa. Limeachwa tu, kama yule mgeni wa harusi asiyepigwa picha.

Sisi tunaojifunza kuandika tunaujua mchezo huu. Kwa muda mrefu, hadithi za upelelezi za kina Faraji Katalambulla na Elvis Musiba zilitazamwa na baadhi ya wasomi kama takataka za kupotezea muda. Fasihi pendwa, wakasema, kwa sauti ya mtu aliyeziba pua. Lakini waulize watu wazima walijifunzia wapi kusoma kitabu mpaka ukurasa wa mwisho. Swali la “ni kazi nzuri au mbaya?” lina dada yake anayesahaulika: iliwafanyia nini watu walioishika?

Ningepewa kuliunda upya, ningelileta nyumbani. Barabara iwe ya Tunduma, malori yamejipanga nyuma. Mmoja mfukoni ana shilingi, mwingine kwacha. Kipande cha kwanza ni Sogea, cha pili ni foleni, cha tatu ni mstari wa mpaka wenyewe, na ukisukumwa hapo unaangukia nchi ya watu. Doria ipite, wote wageuke wauza karanga. Vyungu viwe vya kupikia, na vimwage maharage. Ila ngumi ya tatu nisingeongeza, wala hadithi. Sababu ya ugomvi mngeijaza wenyewe, kama sisi tulivyojaza.

Siku hizi boda imebadilika. Tangu 2019 kuna kituo kimoja cha forodha cha pamoja, na pale palipokuwa na kibanda kuna duka la simu. Nimelipata Vyungu na kulicheza kwenye kompyuta, peke yangu, usiku. Linaboa, wallahi. Baada ya dakika tano nilikuwa upande wa wakosoaji. Nikanunua pedi mbili za bei rahisi, nikachomeka kwenye televisheni ya dada yangu, nikamwita mwanawe wa miaka kumi.

“Anko, hili gemu halina kitu,” akasema baada ya kunipiga mara ya kwanza.

“Umenipigaje?”

Akacheka, hakutaka kusema. Mtoto mwerevu kuliko mimi: siri yake hauzi.

Kwacha, kama upo Kitwe au umerudi Nakonde, na kama jarida hili litavuka boda kwenye mfuko wa dereva yeyote: ni mimi niliyesema. Ilikuwa ni kwa maandazi mawili. Pedi ninazo, na zamu ni yako.