Fremu ya Waya Iliyochuja Ngurumo za Wavamizi

Julai 1940, miezi miwili tu baada ya Ujerumani kuivamia Uholanzi, watawala wapya walipiga marufuku kusikiliza stesheni za maadui zao. Mwezi huohuo, tarehe 28, Radio Oranje ilianza kusikika kutoka London kupitia mitambo ya BBC, na Malkia Wilhelmina, aliyekuwa uhamishoni huko, akazungumza na watu wake. Matangazo yalikuwa ya robo saa tu jioni, lakini watu waliyasubiri kwa hamu, kwa kuwa magazeti yao yalikuwa chini ya mkono wa Wajerumani.

Marufuku haikutosha kuwazuia watu kusikiliza. Wajerumani wakaweka mitambo ya kuvuruga matangazo, ikawa inatoa ngurumo kwenye masafa yaleyale ya London. Hapo waya mrefu wa juu ya paa haukuwa na msaada, maana hunasa sauti na ngurumo kwa pamoja.

Dawa ilipatikana ndani ya nyumba. Watu walitengeneza fremu ya mbao ya kutosha kukaa mezani, wakaizungushia waya mara kadhaa, wakaunga kapasita ya kuchagulia masafa, kisha wakaiunganisha na redio. Waliiita moffenzeef, yaani chekecheke la Wajerumani, kwa jina la dharau walilowapa wavamizi.

Siri yake imo katika kuigeuza. Fremu ya namna hii hunasa vizuri mawimbi yanayoijia kwa ubavu. Yanayoijia usoni, umeme yanaouamsha upande huu wa waya hufutana na ule wa upande wa pili. Msikilizaji aliizungusha taratibu, kidogo kidogo, mpaka uso wa fremu ukaelekea mtambo wa kuvuruga. Ngurumo ikafifia, sauti ya London ikajitokeza. Umbali nao ulisaidia: mtambo wa jirani ulituma mawimbi yake yakitambaa ardhini kutoka upande mmoja unaojulikana, ilhali masafa mafupi ya London yaliweza kushuka kutoka juu angani, hivyo hayakufutika kirahisi.

Mei 1943 Wajerumani waliamuru redio zote zisalimishwe. Walioficha zao chini ya sakafu au nyuma ya kabati hawakuthubutu tena kutundika waya nje, kwani ungewasaliti. Antena ya chumbani ikawa sehemu ya usalama wao. Nadhani historia ya redio imewapunja watu hawa: tunawakumbuka waliosema kwenye maikrofoni, tunawasahau waliojitia katika hatari ya kufungwa ili wasikie.

Kanuni yenyewe haikuwa ngeni. Heinrich Hertz, alipothibitisha kuwepo kwa mawimbi ya redio huko Karlsruhe katika miaka ya 1880, alitumia kitanzi cha waya chenye mwanya mdogo, akichungulia gizani cheche ndogo mno iruke. Antena ya kwanza ya kupokelea, basi, ilikuwa ya ndani. Marconi aliipeleka juu: mwaka 1901, kule Newfoundland, waya wake ulibebwa na tiara.

Afrika Mashariki nasi tulifuata njia ya waya wa nje. BBC ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, masafa mafupi ndiyo yaliyoifikisha sauti hiyo mbali na miji mikubwa, na nyumba ya bati huzuia mawimbi. Waya ukipanda mwembeni, stesheni inashika.

Leo anayeishi ghorofani hana mwembe, na mvurugaji wake anakaa naye chumba kimoja: chaja ya simu, taa ya LED, televisheni. Wenye mapenzi na masafa mafupi wamerudia kitanzi. Hukiweka karibu na dirisha, mbali na nyaya za ukutani, huzima kwanza vifaa visivyo na kazi, kisha hukigeuza polepole. Wanachotafuta si pembe ambayo stesheni ina nguvu zaidi, bali ile ambayo kelele imepungua zaidi.