Mkuki na Kalamu: Juu ya Kuwahukumu Wakosaji wa Ngorongoro

Wachungaji wanaohudumu kati ya Karatu na mbuga za Serengeti huulizwa mara kwa mara juu ya watu waliopigania ardhi na katika kupigania wakakosa. Muulizaji aghalabu amekwisha kuamua: walikuwa wahalifu, au walikuwa mashujaa. Mambo yenyewe hayakubali upesi mgawanyo huo.

Mwaka 1954 kilimo kilikatazwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambayo wakati ule ilijumuisha Ngorongoro. Tarehe 21 Aprili 1958 wazee kumi na wawili wa Kimasai walitia sahihi hati ya kukubali kuiacha Serengeti. Mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa iwe ya wanyama na wafugaji pamoja, na Gavana Sir Richard Turnbull akawaahidi Wamasai kwamba masilahi ya wanyama na ya watu yakigongana, ya watu ndiyo yatakayotangulia.

Katika miaka hiyohiyo vifaru walichomwa mikuki Ngorongoro. Wengine waliona humo tamaa ya pembe, wengine majivuno ya morani, na wengine ujumbe kwa serikali iliyowanyang'anya watu malisho. Mimi sioni kwa nini mambo hayo matatu yasikae katika kundi moja la vijana, hata katika moyo wa kijana mmoja. Mkuki hauachi maandishi. Anayesema kwa hakika kwamba lilikuwa tendo la siasa tu amewapa vijana wale usafi ambao wenyewe hawakuudai. Naye anayesema ulikuwa ujangili mtupu hana budi kueleza kwa nini uliongezeka wakati ule ule wa kuhamishwa.

Wazee nao walitumia kalamu, nao wamelaumiwa. Watetezi wa Wamasai husisitiza kwamba hawakuweza kuisoma hati ile. Utetezi huo una nguvu, lakini una gharama yake: unawaondolea hatia kwa kuwaondolea pia busara. Yawezekana waliona kwamba Serengeti imekwisha kupotea, wakachagua kuiokoa Ngorongoro na maji yaliyoahidiwa huko. Hawakujua kwamba mwaka 1974 wakazi wa ndani ya kreta wangeondolewa. Sisi tunajua, na hukumu yetu juu yao imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya ujuzi huo.

Tena sheria yenyewe haikutulia. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku katika eneo lote la Ngorongoro. Mwaka 1992 serikali ikakiruhusu. Baadaye kikakatazwa tena. Mama aliyepanda mahindi karibu na boma lake, au kibarua aliyepanda kutoka upande wa Karatu kumlimia Mmasai, alikuwa mkosaji mwaka 1990 na raia mwema mwaka 1993, kwa jembe lilelile.

Sisi Walutheri tusijidhani kuwa na kipimo kilicho tayari. Mwaka 1525 Luther aliwaandikia mabwana na wakulima wa Ujerumani akiwalaumu mabwana kwanza kuwa ndio chanzo cha uasi. Majuma machache baadaye, akiisha kuzuru Thuringia na kuona ghasia, aliandika kijitabu kikali akihimiza watawala wawapige waasi. Tarehe 15 Mei maelfu ya wakulima waliuawa Frankenhausen. Alipolaumiwa hakukifuta kijitabu chake, bali alikitetea. Ukisoma andiko la pili peke yake utamwona mtumishi wa wakuu. Ukisoma la kwanza peke yake utamdhania mtetezi wa wanyonge. Wanafunzi wetu wengi wamesoma moja tu.

Tarehe 10 Juni 2022, mipaka ilipokuwa ikiwekwa Loliondo, askari polisi aliuawa kwa mshale, na wananchi walijeruhiwa kwa risasi. Wengi walivuka kwenda Kenya. Watu zaidi ya ishirini, wakiwamo madiwani, walishtakiwa kwa mauaji, ingawa baadhi yao, kwa maelezo ya watetezi wao, walikuwa wamekwisha kukamatwa siku iliyotangulia. Novemba mwaka huo mashtaka yalifutwa wakaachiwa huru. Kesi ile ilikoma bila mahakama kutamka ni nani aliyeurusha mshale.