Nukta na mkwaju: kisa cha ./

Wadau, leo siasa naziweka pembeni kidogo. Wengi mnaotumia Linux mmekutana na maajabu haya: programu imo kwenye folda uliyofungua, unaiona kwa macho yako, lakini ukiandika jina lake kompyuta inadai haijaipata. Ukitanguliza nukta na mkwaju, yaani ./ripoti, inakubali. Kulikoni?

Unix ilianza kutengenezwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani. Katika toleo la sita, la 1975, ukiandika amri kompyuta iliitafuta kwanza kwenye folda uliyomo, ikiikosa ikaenda /bin, kisha /usr/bin. Basi. Mwaka 1979 likaja toleo la saba, na ndani yake programu ya kupokea amri aliyoiandika Stephen Bourne. Hiyo ilileta PATH: orodha ya folda za kutafutia, ambayo kila mtumiaji anaweza kujipangia. Ila kwa kawaida folda uliyomo iliendelea kuwa ya kwanza.

Hapo ndipo palipokuwa na balaa. Kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi. Mjanja anaweka programu yake kwenye folda ya wote, /tmp, na kuibatiza ls, jina la amri ya kuorodhesha mafaili. Msimamizi wa mtambo anaingia humo, anaandika ls kama siku zote, na ile feki inafanya kazi kwa mamlaka yake yote. Mwenye nyumba kamfungulia mwizi mlango!

Wengine wakaisogeza folda uliyomo mwisho wa orodha. Haikutosha: ukiteleza ukaandika sl, mtego wa jina hilo unakungoja. Mwishowe ikaondolewa kabisa. Sasa jina lenye mkwaju halitafutwi kwenye orodha, na nukta maana yake ni "hapa nilipo". Hata Microsoft, ambao DOS yao ilianza na folda uliyomo, walidai alama hizo kwenye PowerShell ya 2006.

Sisi waandishi tukileta habari ya "Juma", mhariri anauliza: Juma yupi, wa wapi? Unix nayo inauliza hivyo hivyo. Kwa hiyo akitokea mtu kukushauri uirudishe nukta kwenye PATH ili upunguze kuandika, jua unachouza: ulinzi wako, kwa bei ya herufi mbili.