Kumwacha paka peke yake nyumbani

Kumwacha paka peke yake nyumbani ni desturi ya wafugaji wa paka-kaya (Felis catus) wanaokwenda kazini au shuleni na kumfungia mnyama ndani hadi jioni. Desturi hii ni ya mijini hasa, kwenye nyumba za ghorofa. Katika mji wa kale wa Lamu, kwa mfano, paka wengi huzurura vichochoroni wapendavyo, na suala lenyewe halijitokezi sana.

Mwenendo

Paka-kaya ametokana na paka-pori wa Afrika (Felis lybica), mnyama anayewinda peke yake. Kwa hiyo huvumilia upweke kuliko mbwa, ambaye asili yake ni mnyama wa kundi. Hulala takriban saa 12 hadi 16 kwa siku na huchangamka zaidi alfajiri na magharibi. Hata hivyo si kweli kwamba paka hajali kitu: wengine wanaoachwa kila siku hulia, hujilamba mpaka manyoya yananyonyoka, au hukojolea kitanda cha mwenyewe. Paka mzima mwenye afya kwa kawaida hubaki siku nzima ya kazi bila shida. Mtoto wa paka anayekula mara nyingi kwa siku huhitaji mtu wa kumwangalia.

Maji na mkojo

Hatari ambayo mtu asiyekuwepo huikosa kwa urahisi ni kuziba kwa mkojo. Mababu wa paka waliishi katika nchi kavu. Figo zake hutoa mkojo mzito, naye hanywi maji mengi. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba na unaweza kuzibwa na chembechembe ngumu au ute. Dume wa namna hii huenda na kurudi kwenye sanduku la mchanga bila kutoa kitu. Potasiamu huongezeka katika damu, moyo huvurugika, na asipotibiwa anaweza kufa ndani ya siku chache. Kwa sababu hiyo mchanga uliobaki mkavu tangu asubuhi, hasa kama dume anachuchumaa na kulia, ni sababu ya kumfikisha kwa daktari wa mifugo usiku uleule.

Hatari nyingine

Uzi uliomezwa hukunja na kukata utumbo. Parasetamoli, hata kidonge kimoja, inaweza kumwua paka. Vivyo hivyo dawa za viroboto vya mbwa zenye permethrini. Mayungiyungi (Lilium) huharibu figo zake, pamoja na chavua yao na maji ya chombo chao.

Dirisha la ghorofani lisilo na wavu ni hatari pia. Mwaka 1987 madaktari wa New York walitoa taarifa kuhusu paka 132 walioanguka kutoka majengo marefu. Takriban asilimia 90 ya waliotibiwa walipona, lakini wengi walikuwa wameumia kifua, taya au miguu.

Dini na sheria

Katika Uislamu kuna hadithi mashuhuri, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Sheria za Uswidi zinataka paka aangaliwe angalau mara mbili kwa siku. Huko Canberra, Australia, paka waliozaliwa tangu tarehe 1 Julai 2022 hawaruhusiwi kuzurura nje ya eneo la mwenyewe, hasa ili kulinda ndege na wanyama wadogo wa porini.