Fungu
Neno fungu, ambalo sokoni ni nyanya au samaki waliopangwa pamoja ili wauzwe, kwa mabaharia ni tuta la mchanga linalochomoza maji yakupwapo, jambo lisiloshangaza Kipini, ambako mto Tana humwaga mchanga na tope lake baharini. Maana hizo mbili zina undugu, kwani zote ni za vitu vingi vilivyokusanyika: chembe moja ya mchanga si fungu wala haina mteremko. Zikiwa nyingi na kavu, msuguano, yaani ukinzani wa vitu vinavyosuguana, hulihimili lundo hadi mwinamo wa nyuzi takribani 34, kisha likaporomoka. Zikilowa kidogo, utando wa maji huzishikamanisha hata kingo zikasimama wima. Mwaka 1972 mwanafizikia Philip Anderson alieleza kwamba wingi huzaa sifa mpya, zisizoonekana katika chembe moja moja.