Mahali pa Mgeni katika Kaya ya Wasukuma

Msafiri aliyepita zamani katika nchi ya Ntuzu, ulipo leo mji wa Bariadi, hakukuta nyumba ya kulala wageni. Alikuta kaya za wakulima na wafugaji, na kaya hizo ndizo zilizompokea.

Kaya ilizungushiwa ua wa minyaa. Mmea huu haukuchaguliwa ovyo: hukaa mbichi kiangazi chote, mifugo haiupendi, na utomvu wake waweza kupofusha jicho. Ndani ya ua palikuwa na zizi, na karibu yake shikome, yaani moto wa jioni ambapo wanaume walikula, wakazungumza na kuwafunza vijana. Mgeni aliketishwa hapo, akala na wenyeji.

Nyumba yenyewe ilikuwa msonge, wenye kuta za miti iliyokandikwa udongo na paa la nyasi lililochongoka. Mara nyingi kuta zilikuwa mbili, moja ndani ya nyingine. Watu walilala katikati. Ndama na mbuzi walikaa katika ushoroba uliozunguka. Nafaka iliwekwa darini, moshi ukiikinga na wadudu.

Msonge wataka miti mingi. Wakati wa ukoloni mapori yalifyekwa ili kuangamiza mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakaenea. Fedha ya pamba ilinunua bati, nalo bati, kwa kuwa ni pande lililonyooka, halikubali paa la duara. Hivyo nyumba ya pembe nne ililetwa na paa kabla ya kuletwa na amri. Amri nayo ilikuja: Novemba 1973 ilitangazwa kwamba watu wote wahamie vijijini kabla ya mwisho wa 1976. Nyumba zikapangwa kwa mistari. Mpango wa kaya, wenye zizi na moto wake, haukupata nafasi katika ramani hiyo. Sisemi turejee kwenye nyasi, ambazo huvuja na kushika moto upesi. Lakini shikome halikuwa nyasi.

Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement kutoka Kanada alianza katika miaka ya 1950 kuhifadhi ujenzi huu. Kanisa lake ni la duara, na makumbusho ya Wasukuma yamelizunguka.

Mjini Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa 2012, nyumba ya wageni ina vyumba vilivyojipanga kando ya ushoroba, kila mlango na ufunguo wake. Mgeni hulipa, hulala, na huweza kuondoka alfajiri asimjue mwenye nyumba.