Ijaza ya Fat-wa: Masomo ya Juu ya Sheria Kabla ya Vyuo Vikuu vya Leo

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Sahaba zake. Amma ba'ad.

Baadhi ya wanafunzi wametuuliza: je, haya masomo ya uzamili na uzamivu katika sheria ni jambo geni lililotujia kutoka Ulaya? Tumeona tulijibu suala hili kwa njia ya tarekh.

Mwaka 459 Hijria (1067 Miladia) ilifunguliwa Baghdad Madrasa Nidhamiya, iliyojengwa na Waziri Nidham al-Mulk kwa ajili ya fiq-hi ya madhehebu ya Imam Shafii (R.A.). Aliyeteuliwa kusomesha ni Sheikh Abu Is-haq al-Shirazi. Siku ya ufunguzi watu walikusanyika wakamngoja, asitokee. Imesimuliwa kuwa njiani kijana mmoja alimuuliza vipi atasomesha mahali palipojengwa kwa mali ya dhulma, naye akarudi. Ibn al-Sabbagh akashika nafasi yake kwa muda wa siku ishirini hivi, mpaka Sheikh alipokubali. Hata hivyo, ukifika wakati wa Sala alikuwa akitoka na kwenda kusali msikiti mwingine. Tazama, ndugu msomaji, uchamungu wa aliyekabidhiwa kiti kikubwa cha sheria cha zama zake!

Kiti hicho hakukipata kwa njia ya mkato. Alimlazimu mwalimu wake, Kadhi Abu al-Tayyib al-Tabari, kwa zaidi ya miaka kumi. Na huo ndio uliokuwa utaratibu. Mwanafunzi alianza kwa kusoma fiq-hi, kwa kawaida miaka minne hivi. Kisha aliyetaka kuendelea alibaki na sheikh wake katika suhuba isiyokuwa na muda maalumu. Hapo alisoma khilafu, yaani hitilafu za mafakihi na dalili zao, na jadali, yaani kanuni za kuhojiana. Akaandika taaliqa, ambayo ni kazi aliyoikusanya kutokana na darsa za sheikh wake na utafiti wake mwenyewe. Kisha akasimama katika munadhara kuitetea rai yake mbele ya wajuzi. Akithibitika, hupewa ijaza ya kusomesha na kutoa fat-wa. Ijaza hiyo aliitoa sheikh mwenyewe kwa dhima yake mbele ya Mola wake. Haikutolewa na Waziri wala Khalifa.

Profesa George Makdisi, katika kitabu alichokitoa mwaka 1981 kuhusu chimbuko la vyuo, aliona kuwa ijaza hii ndiyo asili ya shahada ya udaktari. Wapo wataalamu wanaompinga, wakisema kuwa vyuo vya Ulaya vilikua kwa njia zao wenyewe. Sisi hatuna haja ya kujifakharisha kwa jambo lenye hitilafu. Linalotosha ni kwamba utafiti wa juu wa sheria si mgeni katika nyumba yetu.

Lakini somo kubwa limo katika kisa cha Imam al-Ghazali, aliyekuja kusomesha katika Nidhamiya hiyo hiyo mwaka 484 H (1091). Alipokuwa kijana akirudi Tus kutoka Jurjan, wanyang'anyi waliuteka msafara wao. Aliwafuata akiwaomba wamrudishie taaliqa yake tu, kwani ndani yake mna elimu yake yote. Mkubwa wao akamcheka: vipi unadai kuwa na elimu, na sisi tukikunyang'anya karatasi unabaki mtupu? Akamrudishia. Al-Ghazali alilichukua neno lile kuwa ni onyo kutoka kwa Allah, akakaa Tus miaka mitatu mpaka akahifadhi yote aliyoyaandika.

Leo mwanafunzi anaweza kuandika kurasa mia tatu juu ya mirathi, akazikusanya kutoka huku na huku, akavishwa joho. Akifika mjane kwa kadhi na karatasi ya wasia, ile tasnifu iliyo kabatini haimsaidii kitu. Kinachomsaidia ni elimu iliyomo kifuani mwa kadhi na taqwa iliyomo moyoni mwake. Akikosea, haki ya yatima imekwenda.

Hatusemi shahada hazina faida. Kijana wetu na aende chuo kikuu, ajifunze kutafiti, kulinganisha na kuhakiki. Ila asiache darsa. Al-Muhadhdhab ya al-Shirazi ndiyo iliyosherehewa na Imam al-Nawawi katika al-Majmu'u, na Minhaj ya al-Nawawi ndiyo inayosomeshwa katika darsa za mwambao wetu hadi leo. Silsila haijakatika. Anayekaa mbele ya sheikh wake na Minhaj, kisha akaenda kuandika tasnifu, anaiunganisha tu.

Basi kila mwenye shahada ajiulize: wakija wanyang'anyi wakichukua karatasi zangu, nitabaki na nini?

Wallahu a'alam, wabillahi tawfiq.